Timu yako ya besiboli inapofifia Septemba: mwongozo kamili wa kumaliza msimu ukiwa na akili timamu

Ikifika katikati ya Agosti, maswali ya mashabiki huwa yaleyale. Tulikuwa tunaongoza kwa mechi saba, sasa zimebaki mbili na nusu. Niendelee kukesha au niachane nao? Kila mwaka wengi hukosea palepale: wanaomboleza mapema, wanakesha usiku usio na maana, halafu usiku wenye maana unawakuta wako hoi au wameshasusa.

Chanzo ni mazoea ya soka. Ligi Kuu Tanzania Bara ina mechi 30 kwa kila timu, kwa hiyo kufungwa mara tatu mfululizo ni msiba. Ligi ya MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani na Kanada, ina mechi 162 kwa kila timu, haina sare wala pointi, na timu nzuri kabisa hupoteza kama mechi 60. Seattle Mariners ya 2001 ilishinda mechi 116, na bado ilipigwa mara 46. Ukisoma msimamo wa besiboli kwa macho ya soka utaumia mara arobaini kwa sababu zisizokuhusu.

Fuata mpangilio wa hatua hizi: kupima kwanza, usingizi baadaye, hisia mwisho. Ukiugeuza hautafanya kazi.

## Utakachohitaji

- Daftari na kalamu, au jedwali kwenye simu. Kichwani hesabu hizi huharibika.
- Msimamo wa ligi kutoka MLB.com, na takwimu kutoka Baseball-Reference, FanGraphs na Baseball Savant. Kuzisoma ni bure.
- Ratiba ya mechi zilizobaki za timu yako na za timu mbili zilizo karibu nayo.
- Programu ya MLB kwenye simu, ikiwa imewekwa kuficha matokeo.
- Spika za masikioni, kama unaishi na watu.
- Shabiki mmoja wa timu hiyohiyo wa kuandikiana naye. Mmoja anatosha, kundi la watu 200 ni moto juu ya petroli.

## Hatua ya 1: Pima pengo kwa hesabu

Chukua ushindi wa anayeongoza, toa ushindi wa anayefuata. Kisha chukua vipigo vya anayefuata, toa vipigo vya anayeongoza. Jumlisha majibu mawili, gawa kwa 2.

Tuseme timu yako imeshinda 82 na kupoteza 66, na wanaokufukuza wameshinda 79 na kupoteza 68. Tatu jumlisha mbili ni tano. Gawa kwa mbili, pengo ni mechi 2.5.

Sasa tafuta namba ya kufuzu: 163 toa ushindi wenu (82), toa vipigo vya wapinzani (68). Jibu ni 13. Kila mnaposhinda inapungua moja. Kila wanapopigwa inapungua moja. Ikifika sifuri hawawezi kuwafikia tena. Kama nyinyi ndio mnaofukuza, geuza: 163 toa ushindi wao, toa vipigo vyenu. Hiyo ni namba ya kuaga.

Andika namba hiyo kila asubuhi, mara moja tu. Shabiki anayeangalia pengo pekee huona 2.5 likiwa 1.5 na kuzimia, wakati namba ya kufuzu imeshuka kutoka 13 hadi 8 na siku zinawaishia wapinzani.

Tahadhari: safu ya vipigo ina uzito kuliko ya ushindi. Mechi ambayo haijachezwa bado mnaweza kuishinda au kuipoteza, lakini kipigo kikishaandikwa hakifutiki. Timu mbili zikiwa na idadi tofauti ya mechi, anza na vipigo.

Umefaulu ukiweza kumjibu mtu kwa sentensi moja: "Namba ni 13, sisi tuna mechi 14, wao 15."

## Hatua ya 2: Hakikisha unaangalia mlango sahihi

Hapa ndipo machozi mengi humwagika bure. Tangu 2022 kila moja ya ligi mbili za MLB, American League na National League, huingiza timu sita kwenye mchujo wa kutafuta bingwa: mabingwa watatu wa makundi na timu tatu za waildikadi, yaani zenye rekodi bora kati ya zisizo bingwa wa kundi. Kupoteza uongozi wa kundi si kuaga mashindano.

Detroit Tigers ya 2025 ndiyo mfano wa kubandika ukutani. Mwezi Julai Cleveland Guardians walikuwa nyuma yao kwa mechi 15.5, na Cleveland ndio walioishia kuchukua kundi. Hakuna timu iliyowahi kufuta pengo kubwa kuliko hilo. Lakini Tigers waliingia kwa mlango wa waildikadi, wakakutana na Guardians haohao kwenye raundi ya kwanza, na wakawatoa kwa mechi mbili dhidi ya moja. Shabiki wa Detroit aliyezima televisheni kwa hasira wiki ya mwisho ya Septemba alikosa kisasi chake mwenyewe.

Kwa hiyo chora mistari miwili daftarini: mmoja wa kundi, mwingine wa waildikadi. Kwenye mstari wa pili usijilinganishe na anayeongoza. Jilinganishe na timu ya kwanza iliyo nje, kama mko ndani, au ya mwisho iliyo ndani, kama mko nje.

Kisha angalia nani anashinda mkilingana. Mechi ya ziada ya kuamua haipo tena tangu 2022; kigezo cha kwanza ni matokeo ya nyinyi kwa nyinyi. New York Mets waliujua uchungu wake mwaka 2025. Tarehe 12 Juni walikuwa na rekodi bora kuliko timu yoyote ya MLB, 45 kwa 24. Walimaliza 83 kwa 79, sawasawa na Cincinnati Reds, wakabaki nje kwa sababu Reds waliwazidi walipokutana. Kama kigezo hicho ni chenu, anza hesabu ya Hatua ya 1 na 162 badala ya 163. Kama ni chao, baki na 163.

## Hatua ya 3: Tofautisha upepo mbaya na ugonjwa

Timu inayoelekea kushinda mechi 90 kwa msimu ina nafasi kama asilimia 56 katika kila mechi. Ukipiga hesabu ya bahati tupu, timu hiyo itashinda tatu au pungufu katika mechi kumi karibu mara moja kati ya kila mara kumi. Yaani wiki mbili mbovu zimo ndani ya msimu wa timu nzuri tangu siku ya kwanza. Zikitokea Mei hakuna anayezikumbuka.

Ili ujue kama kuna zaidi ya upepo, tumia kanuni ya Bill James, mchambuzi maarufu wa takwimu za besiboli. Zidisha mikimbio (ndiyo mabao ya besiboli) mliyofunga kwa yenyewe. Fanya hivyohivyo kwa mliyofungwa. Gawa ya kwanza kwa jumla ya zote mbili.

Mfano: baada ya mechi 145 mmefunga 640 na kufungwa 600.

- 640 × 640 = 409,600
- 600 × 600 = 360,000
- 409,600 ÷ 769,600 = 0.532
- 0.532 × 145 = ushindi 77

Kama msimamo unaonyesha mna ushindi 82, basi mlikuwa mmekopa mechi tano kwa bahati, nyingi pengine za mkimbio mmoja. Mnachokiita kuporomoka ni deni kulipwa. Kama msimamo unaonyesha 72, mna timu nzuri kuliko rekodi yake, na kukata tamaa ni mapema.

Wengi huiruka hatua hii kwa kuona hesabu. Ni makosa, maana ndiyo inayoamua kama utakasirika au utashangaa tu.

Tahadhari: hesabu hii inahusu timu iliyocheza, si iliyobaki. Kama mwishoni mwa Julai klabu iliuza mrushaji wake bora (mrushaji ndiye anayemrushia mpigaji mpira), hesabu mikimbio tangu Agosti 1 peke yake. Mechi moja ya kupigwa 17 kwa 2 nayo hupotosha. Itoe uone jibu linahama kiasi gani.

## Hatua ya 4: Tafuta kidonda kilipo

Ukishajua kuna ugonjwa, ujue ni upi. Lawama za jumla ("hawana moyo", "kocha hafai") huchosha mwili na hazikusaidii kuchagua usiku wa kukesha.

Warushaji wanaoanza. Fungua takwimu za mechi kumi zilizopita, soma safu ya iningi walizorusha (iningi ni vipindi vya mchezo, mechi ya kawaida ina tisa). Ukiona 4.2 usidhani ni nne na sehemu mbili za kumi. Ni iningi nne na theluthi mbili, yaani aliwatoa wapigaji wawili wa iningi ya tano kisha akaondolewa. Kama wengi hawafiki iningi ya tano, hapo ndipo nyumba inavuja, maana iningi tano au zaidi zinazobaki wanazibeba warushaji wa akiba kila siku.

Warushaji wa akiba. Hesabu nani amerusha siku mbili mfululizo. Kwa kawaida siku ya tatu hatumiwi, na akitumiwa ni dalili ya ukata. Kwenye Baseball Savant linganisha mwendo wa mpira wake wa kasi wa Mei na wa sasa. Ukishuka maili moja au mbili kwa saa, mkono umechoka au una jeraha.

Majeruhi. Orodha ya majeruhi ina muda wa chini: siku 10 kwa wapigaji, 15 kwa warushaji, na ile ya 60. Aliyeumia Agosti na kuwekwa kwenye ya 60, kwa kawaida msahau kwa mechi zote zilizobaki za msimu wa kawaida. Ujue pia kwamba dirisha la kubadilishana wachezaji hufungwa karibu na mwisho wa Julai, na atakayecheza mchujo kwa kawaida lazima awe ndani ya klabu kufikia Agosti 31. Septemba 1 kikosi huongezeka kutoka wachezaji 26 hadi 28, na warushaji hawazidi 14. Hakuna mkombozi wa kununuliwa Septemba, kwa hiyo acha kumsubiri.

Wapigaji. Hawa ndio hubadilika haraka kuliko wote. Wiki mbili za kutopiga ni upepo mara nyingi, kwa hiyo wape muda.

Mfano wa kujifunzia ni Boston Red Sox ya 2011. Mwanzoni mwa Septemba walikuwa mbele kwa mechi tisa kwenye waildikadi. Wakamaliza mwezi kwa ushindi 7 na vipigo 20. Msimu ulipoisha, magazeti ya Boston yaliandika kuhusu warushaji waliokula kuku wa kukaanga na kunywa bia chumbani mechi ikiendelea. Hadithi ya kuku inanoga hadi leo. Lakini mtu aliyefuata safu ya iningi alikwisha kuona wiki nyingi kabla kwamba warushaji wa kuanza hawafiki mbali, bila kuhitaji kunusa kuku.

## Hatua ya 5: Gawa usiku wako

Septemba ina mechi kama 27. Ukijaribu kuzikesha zote utavunjika kabla ya timu. Kwanza jua saa, kwa Afrika Mashariki (Oman ongeza saa moja, Lubumbashi na Bukavu punguza moja):

- Mechi ya saa 7:05 mchana New York: saa 2:05 usiku kwetu
- Mechi ya saa 1:05 jioni New York: saa 8:05 usiku
- Mechi ya saa 1:10 jioni Los Angeles au Seattle: saa 11:10 alfajiri

Tangu saa ya mrushaji, inayomhesabia sekunde za kurusha, ianze kutumika 2023, mechi nyingi hukaribia saa mbili na dakika arobaini. Ya saa 8:05 huisha kama saa 10:45.

Chagua mechi mbili tu za usiku wa manane kwa wiki. Moja iwe dhidi ya timu mnayoshindana nayo moja kwa moja, kwa sababu ikiisha namba hupungua mbili au haipungui kabisa. Nyingine iwe zamu ya mrushaji wenu bora. Zamu huja kila siku ya tano au ya sita, kwa hiyo unaweza kuiandika mapema. Mechi za saa 2 usiku Jumamosi na Jumapili tazama upendavyo.

Kwa usiku huo kuna mipango miwili. Wa kwanza: lala saa 3, amka saa 8 kasoro, tazama yote. Wa pili, na ndio bora kwa mwenye kazi asubuhi: lala kawaida, amka saa 10, tazama iningi ya saba hadi ya tisa. Warushaji wa akiba wameshaingia, na kama kuna kuporomoka kutatokea mbele ya macho yako.

Usiku mwingine wote ficha matokeo, zima arifa, nyamazisha makundi ya WhatsApp, na asubuhi tazama toleo fupi la mechi, ambalo huisha chini ya nusu saa.

Tahadhari: picha za juu za video YouTube huvujisha matokeo, na urefu wa video pia. Ukiona mechi nzima ina saa nne, ujue ilikwenda iningi za nyongeza. Funika mstari wa muda kwa kipande cha karatasi. Inaonekana ujinga lakini inafanya kazi.

Mlioko Minneapolis, Columbus au Toronto tatizo lenu si usingizi, ni kufungiwa: huduma ya MLB.TV mara nyingi huzuia mechi za timu ya eneo unaloishi. Sauti ya redio ndiyo njia rahisi, hasa kwa wanaoendesha magari usiku.

## Hatua ya 6: Weka kanuni ya kuzima, kabla mechi haijaanza

Andika: "Tukiwa nyuma kwa mikimbio mitano au zaidi iningi ya saba ikiisha, ninazima." Iandike mchana. Saa 10 alfajiri hakuna mwenye busara ya kuamua.

Ndiyo, siku moja utakosa muujiza. Septemba 28, 2011, Tampa Bay Rays walikuwa nyuma 7 kwa 0 dhidi ya Yankees wakiingia kupiga iningi ya nane. Wakashinda 8 kwa 7 kwa homurani (mpira uliopigwa hadi nje ya uwanja) ya Evan Longoria iningi ya 12, na usiku huohuo Red Sox wakaaga. Video yake ipo hadi leo. Usingizi wa usiku ule haurudiwi.

## Hatua ya 7: Toa timu yako kwenye mkeka

Usiibetie ishinde, wala usiibetie ipigwe "ili nipate cha kujifariji". Katika hali zote mbili kipigo kimoja kinakuuma mara mbili, na hesabu za Hatua ya 3 utaanza kuzipindisha zikubaliane na dau.

Kibaya zaidi ni kupandisha dau mara mbili kila ukipoteza. Ukianza na shilingi 1,000, vipigo vitano mfululizo vimekula 31,000. Philadelphia Phillies ya 1964 iliongoza kwa mechi 6.5 zikiwa zimebaki 12, kisha ikapigwa kumi mfululizo. Kwa mtindo huo ungekuwa umeacha shilingi 1,023,000.

## Hatua ya 8: Watani na watu wa nyumbani

Usimjibu mtani ndani ya saa ya kwanza baada ya kipigo. Andaa jibu moja fupi lenye namba: "Bado namba yetu ni sita." Mtani huishi kwa hasira zako, ukimpa hesabu anakosa pa kushika.

Wa nyumbani wape ratiba ya usiku wako miwili mapema. Kinachowaudhi si besiboli, ni kuamshwa na kelele bila taarifa.

## Hatua ya 9: Jumapili ya mwisho

Siku ya mwisho ya msimu mechi zote hupangwa kuanza karibu wakati mmoja, kama saa 9 alasiri New York, yaani saa 4 usiku Afrika Mashariki. Huu ndio usiku uliokuwa ukiuwekea akiba.

1. Kabla ya saa 3 usiku andika matokeo yote yanayowafaa: "Sisi tukishinda, basi. Sisi tukipigwa, lazima wao wapigwe pia."
2. Weka skrini mbili: mechi yenu, na matokeo ya moja kwa moja ya wapinzani.
3. Anza na iningi ya kwanza, usichelewe. Mwaka 2007 Mets, waliokuwa wakiongoza kwa mechi 7 zikiwa zimebaki 17, walifungwa mikimbio saba na Marlins iningi ya kwanza ya siku ya mwisho, wakapigwa 8 kwa 1 na kuaga.
4. Mechi yenu ikiisha kabla ya yao, simama, kunywa maji, kisha tazama yao. Kuruka kati ya skrini hizo kila sekunde kumi ndiko humaliza watu.

## Hatua ya 10: Kesho yake

Mkiingia mkichechemea, msiogope mwendo wa Septemba. Yankees ya 2000 ilipoteza mechi 15 kati ya 18 za mwisho na ikachukua World Series, fainali ya MLB. Cardinals ya 2006 nusura ichezee uongozi wake wote, ikaingia na ushindi 83 tu, ikawa bingwa. Raundi fupi huhitaji warushaji watatu wazima. Rudi Hatua ya 4 uhesabu kama mnao.

Mkitoka, siku tatu bila msimamo, bila video, bila mijadala ya nani afukuzwe. Siku ya nne chagua timu ya kuazima kwa kigezo kimoja, kwa mfano mrushaji unayependa kumtazama, na usichague ile iliyowatoa. Mechi za World Series huanza saa 2 usiku New York, kwetu saa 9 usiku. Jumapili ya kwanza ya Novemba Wamarekani hurudisha saa nyuma. Mechi ikiangukia baada ya hapo, weka kengele saa 10 badala ya saa 9.